Imebaki Vifungo Tu

Majuzi kanisani waliniomba nizungumze nanyi vijana kuhusu malengo. Nilivaa gauni langu la kijani, nikafika mapema, nikakaa mbele kabisa. Kijana aliyetangulia kuzungumza alikuwa na picha za kuonyesha ukutani: ngazi, mlima, na mtu amesimama kileleni amenyoosha mikono kama anayeanika nguo. "Andika goal yako," akawaambia, "uibandike kwa ukuta, uiangalie kila asubuhi." Mkapiga makofi. Kisha yakaja matangazo, kwaya ikaimba, ikarudia, na mwenyekiti wenu akaniinamia sikioni kama mjukuu kwa bibi yake: "Shosho, time imetuishia. Utatuongelesha siku ingine, ama?"

Nilichukua mkoba wangu nikarudi nyumbani hapa Kianda nimefura, na hasira hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Kubandika ukutani! Wanangu, mimi nimekuwa fundi wa nguo kule Gatina, Kawangware, tangu nikiwa msichana hadi macho yaliponigomea. Ukuta wa duka letu ulijaa malengo ya watu. Yalining'inia kwenye waya: sketi ya mtoto anayeanza shule, suti ya bwana harusi, ovaroli ya mtu aliyepata kibarua. Tuliyaangalia kila asubuhi tukinywa chai. Hakuna hata moja lililowahi kujishona kwa sababu ya kuangaliwa.

Basi nisomeni, maana hapa hakuna mtu wa kuniinamia sikioni.

Kuna maneno matatu ambayo ukiyasikia kwa fundi yeyote Nairobi hii, ujue umeingia taabani. "Imebaki vifungo tu." Mteja akiyasikia hufurahi. Anaona moyoni nguo imekwisha, ni kitu cha dakika, na anaenda zake akitabasamu. Fundi naye anafurahi kwa sababu mteja ameondoka. Wote wawili wamefurahi na nguo iko palepale kwenye waya, kifua wazi.

Mtu asiye wa kazi hii anadhani kifungo ni sindano na uzi. Kifungo ni tundu, mwanangu. Kifungo chenyewe hata mtoto anashona. Tundu ndilo lenye kazi, na mashini ya kutoboa matundu sisi hatukuwa nayo. Mafundi wengi wadogo hawana hata leo. Cherehani yetu ilikwenda kwa miguu, stima iwepo isiwepo, lakini nguo ilipofika kwenye matundu ilibidi ifungwe kwenye mfuko wa plastiki ipelekwe mtaa wa Satellite kwa mtu anayeitwa Kamande, ambaye mashini yake ilikula stima na foleni yake haikuisha. Shule zikikaribia kufunguliwa, mafundi wote wa Kawangware hujazana pale na mafurushi yao. Kwa hiyo anayesema imebaki vifungo tu anasema hivi: kimebaki kitu ambacho siwezi kukifanya mimi, kiko kwa mtu ambaye sijamuuliza, kinategemea stima ambayo siimiliki, na sijui ni lini. Hayo yote ameyafunga ndani ya neno "tu."

Aliyenifundisha kulichukia neno hilo alikuwa Mzee Njogu. Duka lilikuwa lake, ploti yenyewe ilikuwa yake, ya baba yake kabla yake, enzi hizo Gatina ikiwa na mabati na migomba kuliko hizi ghorofa zenu za kuanikiana nguo usoni. Alikuwa mtu mfupi, mwenye maneno machache na shingo ngumu. Akikuta umeshika nguo, hakukuuliza umefika wapi. Aliuliza neno moja: "Inavalika?"

Ukimwambia, "Bado, Mzee, imebaki..." alikwisha kukugeuzia mgongo. Kwake nguo ilikuwa na hali mbili peke yake, inavalika au haivaliki. Shati lenye mkono mmoja na shati ambalo bado ni kitambaa dukani kwake yalikuwa kitu kimoja, isipokuwa lile la kwanza lilikuwa limemlia muda.

Fundi mmoja wetu wakati huo hakuelewa. Aliendelea kumwambia, "Mzee, suruali ya yule bwana imekwisha, imebaki zipu tu." Siku ya tatu ya wimbo huo Mzee Njogu akaichukua ile suruali, akaingia nyuma ya pazia, akatoka ameivaa. Akasimama mlangoni, mikono nyuma, zipu hakuna, akaanza kuamkua watu wanaopita barabarani. Wanawake wa sokoni walipiga mayowe. Mchungaji alivuka upande wa pili. Mzee akawa anawaambia kwa utulivu kabisa: "Imekwisha, si mnaona? Imebaki zipu tu." Yule fundi alilia akimwomba aingie ndani. Zipu ilishonwa asubuhi hiyohiyo, na sikusikia tena "imebaki" katika duka lile mpaka mzee alipostaafu.

Kitu chake cha pili kilikuwa waya mfupi. Ukutani tulikuwa na nyaya tatu. Wa kwanza ulikuwa mrefu, wa vitambaa vilivyoletwa. Wa mwisho, karibu na mlango, nao mrefu, wa nguo zinazongoja wenyewe. Ule wa katikati, wa nguo zilizokatwa lakini hazijavalika, ulikuwa mfupi kama mkono wangu. Niliudhika nao sana mwanzoni. Ukijaa, huruhusiwi kukata kitambaa kingine hata mteja apige magoti. Ufanye nini basi? Umalize kimoja kati ya vinavyoning'inia, na kama hujui kukimalizia umsaidie mwenzako kumaliza chake.

Nilimwambia siku moja, "Mzee, si tuongeze huu waya? Nguo zimebanana."

Akasema, "Nikiongeza waya, wewe utaongeza nguo. Hutaongeza kumaliza."

Lakini kukata ndiko kila fundi anakopenda, na hapo nyinyi vijana mnafanana na mafundi wabaya wote niliowahi kuwajua. Kukata kuna raha. Mkasi unalia, kitambaa kinalala, mteja amesimama pale anaona kazi imeanza. Nyinyi mnaanza kozi, mnaanza biashara ya mitumba, mnaanza kanda za mtandaoni, mnaanza kujifunza Kifaransa. Januari mmekata vitambaa kumi na viwili. Juni nikiuliza, kila kitu kimebaki vifungo tu. Mnanichosha, na ninasema hivi kwa sababu nawapenda.

Haya. Mzee Njogu alizeeka, mwanawe akabomoa mabati akapandisha ghorofa, akatupa chumba cha chini kinachotazama barabara. Mimi niliachiwa kusimamia kazi. Akaja fundi mpya, Otieno.

Sitaki mumfikirie vibaya Otieno. Sijawahi kuona mkono kama wake. Alikata koti bila chaki, kwa jicho tu, na bega likakaa kama limezaliwa na mtu. Wateja walitoka mpaka Lavington kwa matajiri kumtafuta. Lakini wiki yake ya kwanza aliutazama ule waya mfupi, akacheka, akaenda kununua bomba la chuma akalipigilia kutoka ukuta hadi ukuta. "Mama Nekesa," akaniambia, "hii ndio inaitwa expansion." Nilinung'unika, lakini wateja walikuwa wanaongezeka na mwenye ploti alipendezwa. Kufikia Krismasi bomba lilikuwa limejaa nguo zisizovalika, na tulikuwa tukipita chini yake tumeinama.

Sasa niwaambie kuhusu Nafula, maana ndiye aliyenifanya nikasirike kiasi hiki.

Nafula ni binti wa jirani yangu wa mlango wa pili hapa Kianda, yule anayeuza mboga. Wengi wenu mnamjua, ndiye anayekaanga chapati upande wa Olympic. Alisomea upishi, akamaliza, akakaa bila kazi, akarudi kwenye chapati. Halafu hoteli moja kubwa ya mjini ikatangaza inachukua wapishi wanafunzi. Walioitwa wangepikishwa siku moja, Jumatatu, na wanaofaulu wanabaki kazini. Sharti lilikuwa kila mtu afike na koti lake jeupe la mpishi, lile la vifungo safu mbili kifuani. Bila koti, huvuki geti.

Mama yake hakulala kwa furaha. Alileta kitambaa mwenyewe, pamba nzito nyeupe, akakishika kama anayebeba mtoto wa kubatizwa. "Mama Nekesa," akaniambia, "nimekuachia. Huyu akiingia hapo, mimi nitapumzisha mgongo."

Tulipanga kazi vizuri, hilo nitalisema. Jumatatu ya wiki ya kabla tulikiloweka kitambaa, maana pamba nzito hunywea ikifuliwa, na fundi anayeikata kavu anashona koti la mdogo wake mteja. Jumanne kilikauka. Nafula akaja kupimwa, na Otieno akampima huku wanaongea na kucheka. Mimi nilikuwa mlangoni nikibishana na mteja juu ya pindo. Niliwaona wakionyeshana kitu kwenye simu ya Nafula, kisha Otieno akaitikia kwa kichwa, "Sawa, sawa, nimecheki." Kufikia Jumatano jioni koti lilikuwa limeungwa lote, kola imesimama wima, mikono imekaa. Lilikuwa zuri, jamani. Otieno akalitundika kwenye bomba.

Alhamisi nikamuuliza, "Otieno, koti la Nafula?"

"Hiyo? Hiyo imeisha, Mama. Imebaki tu vifungo."

"Inavalika?"

"Aah, Mama na wewe! Ni dakika. Kesho asubuhi napeleka kwa Kamande, ikirudi ni pasi, finito."

Ijumaa asubuhi nilipofika Otieno alikuwa anakata. Sare za shule moja ya jirani, rundo zima, kwa sababu shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu ileile. Koti lilikuwa palepale. Nikamwambia, aache mkasi, aende Satellite. Akaniambia akienda sasa atapoteza asubuhi kwenye foleni, bora akate sare hizi kwanza aende na kila kitu pamoja mara moja. Ukimsikiliza, ana akili. Ndiyo hatari ya watu kama Otieno, kila wanapochelewesha kitu wana sababu nzuri kuliko yako ya kukiharakisha.

Jioni mama yake Nafula akanikuta penye kuchota maji. "Koti linaendeleaje?" Nikafungua mdomo, na Mungu ni shahidi, nikasikia yale maneno matatu yakitoka kinywani mwangu mwenyewe. Akatabasamu akaenda zake.

Jumamosi nililichukua koti mimi. Nilimwacha Otieno na rundo lake, nikaenda Satellite kwa miguu huku nikizungumza peke yangu barabarani. Kwa Kamande nilikuta mafundi wamekaa nje kwenye ukingo, kila mtu na furushi lake mapajani, kimya kama watu wa matangani.

"Kamande, kuna nini?"

"Stima, Mama. Ilienda jana watu wakinywa chai ya saa kumi. Transfoma imeungua."

"Inarudi lini?"

"Tulipiga simu. Wanasema wako kwa njia."

Wako kwa njia! Hayo ni maneno mengine, nitayaandikia siku yake. Nikamuuliza habari za mama mmoja wa Olympic mwenye mashini kama yake. Amesafiri nyumbani, ana msiba. Nikauliza wengine. Upande wote ule haukuwa na stima, na waliokuwa na jenereta walikuwa na foleni ya mpaka Jumanne. Nilisimama pale barabarani na koti la mtoto wa watu mkononi, limekamilika kila mahali isipokuwa mahali pa kulifungia. Nilitamani kulia. Badala yake nilimpigia Otieno simu nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika katika barua ya vijana wa kanisa.

Ikabaki mkono. Zamani, kabla ya kina Kamande, matundu yalishonwa kwa mkono. Unachora mstari, unaushona pande zote mbili kwanza ili kitambaa kisichanike, unapasua katikati kwa ncha ya mkasi, halafu unazungushia uzi kingo zote, mshono kwa mshono, kila mshono na fundo lake dogo. Kwenye kitambaa chepesi ni kazi. Kwenye pamba nzito iliyokunjwa mara mbili ni adhabu.

Jumapili baada ya ibada nikakaa mlangoni pangu, penye mwanga. Nafula akakaa kwenye stuli kando yangu akinitungia sindano, kwa sababu macho yangu yalikwisha kuanza ukaidi. Sindano ilikuwa inagoma kupita, nikawa naisukuma kwa kile kikofia cha chuma cha kidoleni, kikateleza, ikaniingia. Nikafuta damu kwenye kanga nikaendelea. Mama yake akaleta chai ikapoa. Jua lilikuwa linasogea na mimi nilikuwa nimemaliza safu moja tu, ya upande wa kushoto. Vidole vilikuwa vimevimba hata sikuweza kukikunja cha kati.

Hapo nikafikiri kama Mzee Njogu. Kitu gani kinahitajika ili livalike? Koti hili lina safu mbili, lakini linafungwa kwa moja, ile nyingine ni pambo. Nikamwambia Nafula, "Tazama. Huku matundu yametosha. Huku kwingine nashona vifungo juu tu, vikae kwa urembo. Hakuna atakayejua."

Nafula alilitazama lile koti. Alifungua mdomo, akautazama mkono wangu, akaufunga mdomo.

"Iko sawa, shosho," akasema.

Tukashona vifungo, tukapiga pasi ya makaa, akavaa. Watoto wa ploti wakaja kuchungulia. Mama yake alisimama pale na kijiko cha chai mkononi. Likambeba vizuri, kola wima, mabega ya Otieno yale. Nikajiuliza moyoni, inavalika? Nikajijibu, inavalika. Nililala nimeridhika, nawaambieni ukweli.

Jumatatu jioni Nafula alirudi na koti limekunjwa mkononi, ndani nje. Alipolikunjua nikaona doa la mchuzi mwekundu kifuani, kubwa kama kiganja.

Hivi ndivyo alivyonieleza. Walipika asubuhi yote, na chakula chake kilikuwa kizuri, alikionja akajua. Wakati wa kutoa sahani ulipofika, sufuria ya jirani yake ikamrushia mchuzi. Hakuwa peke yake, karibu kila mtu alikuwa na lake. Msimamizi akapiga makofi akasema, "Geuzeni koti, sahani zinatoka." Na wenzake wote, kwa pamoja, wakafungua vifungo, wakachukua ule upande wa juu wakaupeleka chini, wa chini wakauleta juu, wakafunga upande wa pili. Madoa yakaingia ndani. Vifua vyote vyeupe.

Hiyo ndiyo kazi ya safu mbili, wanangu. Si pambo. Mpishi akichafuka anageuza koti, anaenda mbele ya watu akiwa safi. Ndiyo maana linatobolewa pande zote mbili.

Nafula alisimama pale. Msimamizi akamwuliza mbona hageuzi. Akasema halina matundu. Yule bwana hakumgombeza. Alimwambia tu akae nyuma, na sahani yake ikabebwa na mwingine. Majina yaliposomwa, lake halikuwamo. Sisemi ni koti peke yake. Huenda walikuwako waliompita kwa mkono. Lakini yeye hakufika mbele wamwone, na hilo ni la koti.

Nilimuuliza, "Na wewe ulijua?"

"Nilijua. Nilimwonyesha Otieno kwa simu ile siku ya kupimwa. Nilimwambia matundu kotekote."

Kesho yake nilimkabili Otieno. Na mnajua alinijibu nini? "Lakini Mama, si nilikuambia imebaki vifungo?" Kichwani mwake alikuwa ameniambia yote. Matundu ya pande mbili, simu, geuza koti, yote yalikuwamo ndani ya yale maneno matatu, na mimi nisiyeyasikia ndiye mwenye masikio mabovu. Nilichukua nyundo nikaling'oa lile bomba siku ileile. Nguo zilianguka chini zote, Otieno akazikwepa. Nikatundika waya mfupi.

Lakini aliyenitia hasira kabisa, kuliko Otieno, kuliko transfoma, ni Nafula. Nilimshika bega pale mlangoni, "Kwa nini hukuniambia Jumapili? Ulikaa kando yangu mchana kutwa! Ulifungua mdomo nikakuona!"

"Shosho, vidole zako zilikuwa zinatoka damu."

"Na kwa hiyo?"

"Ningekuambia ungeendelea kushona. Nakujua. Nikaona aibu."

Nyinyi vijana mmelelewa vizuri, mnatuheshimu, na heshima hiyo wakati mwingine ni balaa. Mnamwonea huruma mtu anayefanya kazi vibaya mpaka kazi inakufa. Mngeniambia tu. Ningetukana kidogo, halafu tungeita mama yake, tungeita jirani anayejua kushika sindano, tungegawana yale matundu. Jua lilikuwa bado halijazama. Kitu kilichokosekana mlangoni pale hakikuwa muda, kilikuwa sentensi moja ya kumwudhi mzee.

Niliacha kazi miezi michache baadaye, macho yakiwa yamekataa sindano kabisa. Otieno bado yuko Gatina. Namsikia anaulalamikia waya, lakini hajauondoa.

Sasa malizieni nami. Wiki iliyopita, baada ya ile siku yenu ya milima na ngazi, Nafula alibisha mlangoni. Koti liko mkononi, jeupe, sijui alilifua na nini. Ile hoteli itachukua wengine mvua zikiisha, na mvua ndiyo kwanza zimeanza. Nikamwambia sasa sioni hata tundu la sindano, sembuse la kifungo.

"Leo nashona mimi," akasema. "Wewe kazi yako ni kunisumbua."

Akakaa kwenye stuli ileile. Nilimwambia pa kuchora, pa kupasua, namna ya kuzungusha uzi. La kwanza lilikuwa baya, nikamfumulisha. La pili likawa baya, nikamfumulisha, akanuna. Alirudi kesho yake, na keshokutwa yake. Nilimuuliza kila mara lile neno la Mzee Njogu, mpaka mama yake akaniambia ng'ambo ya ukuta nimwache mtoto apumue. Jana mchana alikuwa amechoka, mvua inapiga bati, akainua kichwa akasema, "Shosho, imeba..." Akajishika mdomo mwenyewe. Akainama tena akashona.

Alipomaliza hakuniambia amemaliza. Alisimama, akavaa, akafunga upande wa kushoto. Kisha akafungua, akageuza, akafunga upande wa kulia, kila kifungo katika tundu lake, na mimi nisiyeona vizuri nikayapapasa moja moja kwa vidole. Akageuza tena. Na tena. Akawa anacheka.

Mwenyekiti wenu alinipigia simu jioni. Anasema Jumapili ijayo nimepewa nafasi ya kwanza kabisa, programu iko tayari, imebaki kuprinti tu.

Nimemwambia asiprinti kitu. Nitakuja na Nafula, amevaa koti lake, na nitamwomba aligeuze mbele yenu.